UZI: Hekalu la Wachina lililojengwa ufukweni, bahari ikahamishwa, lenyewe likabaki palepale (Thian Hock Keng, Singapore)

Serahangi Mstaafu:
Wadau, salaam. Kuna jamaa kwenye uzi wa bandari ameandika kwamba Wachina "hawana dini, wana biashara tu". Nilitaka nimjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu. Bora nifungue uzi wake. Waliokuja kutukana wapite pembeni.

Nimefanya kazi melini miaka ishirini na kitu, nikaishia userahangi, yaani msimamizi wa mabaharia. Singapore nimetia nanga mara nisizoweza kuhesabu. Enzi zetu meli ikifunga gatini ulipata saa nne tano za kushuka. Wenzangu walikimbilia madukani kununua redio. Mimi siku moja mvua ilinikuta mtaa wa Telok Ayer, nikajibanza mlangoni mwa jengo moja lenye paa la majoka na nguzo za mawe zilizochongwa. Nikataka kuingia ndani zaidi. Kizingiti chake ni kirefu, nikainua mguu nikanyage juu yake kama ngazi. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia akapiga makofi mara moja, pa! Akanionyesha kwa fagio: kizingiti hakikanyagwi, kinavukwa. Nikavuka. Tangu siku ile kila nikifika Singapore nilikuwa napita pale.

Jina lake Thian Hock Keng, maana yake kama Kasri la Furaha ya Mbinguni. Ni hekalu la Wahokkien, yaani Wachina wa kusini mwa mkoa wa Fujian. Anayekaa kwenye kiti cha kati ni Mazu, mwenyewe wa bahari. Wahokkien wanamwita Machopo, na hiyo "po" ni bibi, kwa maana ya mwanamke mzee wa kuheshimiwa. Kwa hiyo nami nitamwita Bibi.

Telok Ayer kwa Kimalay ni ghuba ya maji, na wakati hekalu linajengwa maji yalikuwa mbele ya mlango. Waingereza walifungua kituo chao Singapore mwaka 1819. Miaka michache tu baadaye Wahokkien walikuwa na kibanda cha kufukizia udi pale ufukweni. Jahazi za Kichina zilikuwa zinashuka na upepo uleule tunaouita kaskazi, zinasubiri kusi zirudi kwao. Mtu akitoka Fujian, wiki kadhaa kwenye maji, wenzake wengine wamezikwa baharini, kitu cha kwanza akikanyaga mchanga ni kumshukuru Bibi. Alikuwa ameshaweka nadhiri huko njiani, sasa anakuja kuitoa.

Nanga naipandisha hapa kidogo, naendelea baada ya chakula.

Mtoto wa Makorora:
Mkuu serahangi shusha nondo, nimekaa mkeka kabisa.

Chuma cha Pua:
Sasa huo si ushirikina tu mkuu? Kuabudu sanamu halafu unatuletea hapa kama elimu.

Serahangi Mstaafu:
Chuma, mimi ni Muislamu, naswali, na sijawahi kuchoma kijiti cha udi pale. Kujua jirani anafanya nini si kufanya naye. Na uzi wenyewe hauhusu sana ibada, utaona mbele.

Tuendelee. Kibanda kile kilikuja kubomolewa, na mwaka 1839 wakaanza kujenga hekalu hasa. Likakamilika 1842. Kwa kupima nyakati, ndio miaka ile Seyyid Said amehamishia makao yake Unguja. Gharama ilikaribia dola 30,000 za Kihispania, zile ambazo pwani yetu wazee waliziita reale ya mzinga, kwa sababu nguzo zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga miwili. Mchango mkubwa kuliko wote ulitoka kwa Tan Tock Seng, zaidi ya dola 3,000. Huyu alizaliwa Malacca mwaka 1798, ujana wake alikuwa mchuuzi: ananunua mboga, matunda na kuku shamba, anakuja kuuza mjini. Hospitali kubwa ya Singapore mpaka leo inaitwa kwa jina lake, maana ndiye aliyetoa fedha za kuijenga mwaka 1844.

Boriti na mawe mengi yaliletwa kutoka China, na mafundi pia. Mbao zimetiwa meno zikashikana zenyewe, hawakutumia misumari. Kwa mtu aliyekulia karibu na waunda majahazi kama mimi, nilisimama nikaangalia dari mpaka shingo ikauma. Sanamu ya Bibi yenyewe ilifika kwa meli kutoka Fujian mwaka 1840, jengo halijaisha, ikapokelewa kwa maandamano mjini.

Mbele ya Bibi wamesimama walinzi wawili wa kutisha, meno nje. Hadithi inasema walikuwa mashetani aliowashinda akawafanya watumishi. Mmoja anaona maili elfu, mwingine anasikia linaloletwa na upepo. Mimi nikiwaona nasema hawa ni rada na redio ya melini.

Bi Mdogo wa Ng'ambo:
Mkuu, huyo Mazu alikuwa mtu kweli au ni hadithi? Na kwa nini bahari ipewe mwanamke, wakati kwetu mabaharia wengi hawataki hata mwanamke apande chomboni?

Msomi Fujian:
Serahangi naomba nijibu hili, nimesoma Fujian miaka minne.

Dada, kwa masimulizi ya kwao alikuwa binti wa ukoo wa Lin, kisiwa cha Meizhou, alizaliwa mwaka 960. Inasemekana alipozaliwa hakulia, ndiyo wakamwita Mo, yaani mkimya. Kisa kinachojulikana sana ni hiki: siku moja baba na kaka zake wako baharini, dhoruba ikapiga. Yeye alikuwa nyumbani anafuma kitambaa. Akalala ghafla juu ya kitanda cha kufumia kama mtu aliyepandisha, roho yake ikaenda majini kuwashika. Mama akaogopa, akamtikisa mpaka akazinduka. Akalia: mmoja amemponyoka. Waliporudi walionusurika, kweli mmoja hayupo. Kisa kinasimuliwa kwa namna nyingi, kwingine aliyepotea ni baba, kwingine ni kaka.

Akafa bado kijana, 987, hajaolewa. Wavuvi wakaanza kumwomba, nahodha wakaanza kumwomba, na wafalme nao wakaingia, maana mfalme mwenye meli za mpunga na za vita naye anataka bahari itulie. Wakawa wanampandisha cheo kama ofisa wa serikali. Mwaka 1281 akapewa cheo cha Mke wa Mbinguni, baadaye chini ya watawala wa Qing akawa Malkia wa Mbinguni.

Kuhusu mwanamke na chombo, hata kwao wavuvi wengi wana mwiko huohuo. Lakini ukizama unamwita nani? Unamwita mama.

Bi Mdogo wa Ng'ambo:
😂 Hapo umenimaliza.

Mzee wa Shela:
Mimi nangojea mtu ataje Zheng He, yule amiri wa meli za mfalme wa China, na Wachina wanaosemekana walizama wakabaki Pate. Sisi huku tumeyasikia tangu utotoni.

Msomi Fujian:
Habari za Pate mzee wangu zina ubishi wake, tuziwekee uzi mwingine, huu utazama. Lakini Zheng He anaingia hapa kwa mlango wa mbele.

Kabla ya safari yake ya mwisho, mwaka 1431, alisimamisha jiwe la maandishi kule Changle, Fujian, kwenye hekalu la Bibi huyuhuyu. Ni jiwe la shukrani. Anaorodhesha safari zake, na kati ya nchi anazozitaja zipo Mogadishu na Barawa. Naam, Barawa ya Wabarawa wanaosema Chimwini. Jiwe linasema Mogadishu walitoa punda milia na simba, Barawa wakatoa ngamia na mbuni. Kuna na mnyama ametajwa kwa jina "zulafa", ambalo ukilisikiliza vizuri ni zarafa ya Kiarabu, yaani twiga.

Halafu kuna sehemu anasema dhoruba ilipokuwa kali, taa ya Bibi ilionekana inawaka kwenye mlingoti, na ikishaonekana hatari huwa imepita. Na Zheng He alitoka ukoo wa Kiislamu wa Yunnan. Wachina hilo haliwasumbui kichwa hata kidogo, sisi ndio linatusumbua.

Serahangi Mstaafu:
Taa ya mlingoti! Mimi nimeiona kwa macho yangu, usiku, Bahari ya Arabu. Hewa imejaa radi, kwenye ncha ya mlingoti kukawa na mwanga wa buluu unavuma kama nyuki. Kapteni akatwambia ni umeme tu wa hewani. Ni kweli ni umeme. Ila hakuna aliyezungumza mpaka ulipozima.

Sasa nifike kwenye kiini cha uzi. Sikilizeni.

Watu wanaona moshi wa udi wanadhani kazi ya jengo lile ni moshi. Mhokkien akishuka Telok Ayer mwaka 1845 hana baba pale, hana mjomba, hajui Kiingereza, Mwingereza hajui lugha yake wala hana haja naye zaidi ya mgongo wake wa kubebea magunia. Anakwenda wapi? Anakwenda hekaluni. Pale ndipo atamkuta mtu wa kijijini kwao, atapewa pa kulala, atasikia nani anatafuta kuli. Akigombana na mwenzake, wakubwa wa hekalu wanasuluhisha. Akifa, wanajua azikwe wapi na nani apelekewe habari.

Chama cha Wahokkien, Hokkien Huay Kuan, kilikuwa na ofisi yake mlemle ndani. Mwaka 1860 kikachagua mwenyekiti wake wa kwanza, Tan Kim Ching, mtoto wa yule Tan Tock Seng. Chini yake wakaanza kutoa hata vyeti vya ndoa. Yaani hekalu lilikuwa baraza, lilikuwa ofisi ya kabidhi wasii, lilikuwa chama cha kuzikana. Sisi tukienda ugenini tunaunda umoja wa watu wa mkoa fulani, tunakutana ukumbi wa kukodi. Wao walianza na kiti cha Bibi, serikali yao ikaota pembeni mwa kiti.

Mtoto wa Makorora:
Kwa hiyo Wachina wote wa Singapore walikuwa chini ya hilo hekalu?

Serahangi Mstaafu:
Wapi! Hapo ndipo watu wanapokosea. "Wachina" hawakuwa kitu kimoja. Mhokkien, Mteochew, Mkanton, Mhakka, kila mmoja na lugha yake, wakiongea hawaelewani. Kila kundi na hekalu lake. Wakanton na Wahakka walikuwa na lao mtaa huohuo, Fuk Tak Chi, siku hizi ni makumbusho. Wateochew wana lao upande mwingine. Na ukabila ulikuwa ukabila kweli: mwaka 1854 Wahokkien na Wateochew waliuana mjini siku kadhaa, wakafa mamia. Msije mkadhani nawachorea watu wa peponi.

Chuma cha Pua:
Na hizo hela za kujengea mbona huzisemi zilitoka wapi? Matajiri wa Singapore enzi hizo si kasumba hiyo, afyuni.

Serahangi Mstaafu:
Chuma leo umekuja na nyundo, na hapo umepiga penyewe. Ndiyo. Serikali ya Mwingereza ilikuwa inakodisha haki ya kuuza kasumba kwa matajiri wa Kichina, na sehemu kubwa ya mapato ya koloni ilitoka huko. Wavutaji walikuwa ni hao hao makuli. Kwa hiyo kuli alivuta, tajiri akapata, tajiri akachangia hekalu, kuli akaja kufarijiwa hekaluni. Majina ya wachangiaji yamechongwa kwenye mawe ukutani na kiasi cha kila mmoja. Kila mtu anasoma nani katoa ngapi. Dawa nzuri ya bahili hiyo, ningependa tuifanye misikitini kwetu lakini najua mtanipiga.

Bi Mdogo wa Ng'ambo:
Na wanawake? Au walikuwa wa kufagia tu?

Serahangi Mstaafu:
Swali zuri dada. Mwanzoni wanawake wa Kichina walikuwa wachache mno Singapore, waliokuja ni wanaume. Lakini mwaka 1915 ikafunguliwa shule ya wasichana, Chong Hock, kwenye jengo la pembeni ya hekalu liitwalo Chong Wen Ge, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Jengo hilo zamani lilikuwa la kuheshimu maandishi: karatasi yoyote yenye herufi haikutupwa jalalani, iliokotwa ikachomwa kwa adabu. Baadaye ndiyo wasichana wakaja kusoma palepale. Shule ikaja kuwa ya mchanganyiko, ikahama, na ipo mpaka leo kwa jina la Chongfu.

Mwaka 1929 akaingia kuongoza chama Tan Kah Kee, tajiri wa mashamba ya mpira, ndiye aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Xiamen mwaka 1921. Huyu moyo wake wote ulikuwa shule. Wakati wake chama kikaegemea elimu kuliko sherehe.

Mwanafunzi Taichung:
Niko Taiwan, naongezea kidogo. Huku Bibi ni mambo makubwa kuliko mnavyodhani. Kuna hekalu la Dajia, kila mwaka mwezi wa tatu kwa kalenda yao wanamtoa kwenye machela wanatembea naye siku tisa, kama kilomita 340 kwenda na kurudi. Mwaka jana nilifuata siku moja, miguu ikavimba. Njia nzima watu wamesimama nje ya nyumba zao wanagawa chakula bure: wali, mayai, maji, matikiti. Nilikataa sahani ya tatu, bibi mmoja akanikasirikia kabisa.

Na watu wanalala chini barabarani, mstari mrefu, kifudifudi, machela inapita juu yao wapate baraka. Niliona kijana kalaza begi la mama yake, mama mgonjwa hospitalini.

Tarehe ya kuondoka hawapangi binadamu, wanamuuliza Bibi mwenyewe kwa vile vipande viwili. Serahangi eleza vipande, wewe unajua kueleza.

Serahangi Mstaafu:
Vipande, ee. Ni vibao viwili vyekundu, umbo la mwezi mchanga au embe dodo lililopasuliwa. Upande mmoja bapa, upande mwingine umebinuka. Unapiga magoti, unataja jina lako na unakokaa (maana Bibi ana wageni wengi), unauliza swali la ndiyo au hapana, unadondosha sakafuni. Kimoja bapa kimoja mgongo juu: ndiyo. Vyote vimelala kwa tumbo, mgongo juu: hapana. Vyote bapa juu, vinayumbayumba: huo unaitwa kicheko. Bibi anacheka. Ama swali lako halieleweki, ama jibu unalijua unajifanya hujui.

Ule mlio wake sakafuni, kwa, kwa, ndio sauti ya hekalu kwangu kuliko kengele.

Na kwenye mahekalu mengi ya Kihokkien hata mwenye chetezo wa mwaka, yaani msimamizi wa sherehe, anapatikana hivyo. Majina yanasomwa, kwa kila jina vinadondoshwa; atakayepata "ndiyo" nyingi mfululizo ndiye. Muuza samaki anaweza kumshinda mwenye meli.

Wengine, nisidanganye, wanakwenda kuomba namba za bahati nasibu.

Mzee wa Shela:
Na hekalu jipya likijengwa kwengine, Bibi huwa wangapi?

Msomi Fujian:
Mzee, wanachukua majivu kutoka chetezo cha hekalu la zamani, wanayapeleka kwenye chetezo cha hekalu jipya. Hivyo jipya linakuwa mtoto wa lile, na mtoto anapaswa kurudi mara kwa mara kumsalimia mama. Asili ya yote ni Meizhou. Hekalu la Meizhou lilivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, wenyeji wakaanza kulijenga upya mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1987, miaka elfu tangu Bibi afe, watu wa Dajia walikwenda Meizhou wakati serikali ya Taiwan bado imepiga marufuku kwenda bara. Walizungukia Japani. Wanasiasa hawajazungumza, watu wa udi wameshakunywa chai pamoja. Mwaka 2009 UNESCO wakaiingiza imani ya Mazu kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Mtoto wa Makorora:
Serahangi, kichwa cha uzi kinasema bahari ilihamishwa. Hujamalizia.

Serahangi Mstaafu:
Nilitaka niwaache na hilo mwisho lakini basi. Kuanzia mwaka 1879 Mwingereza akaanza kujaza ghuba udongo apate nafasi. Ufukwe ukasogea, ukasogea tena. Leo ukisimama mlangoni kwa Bibi huoni tone la maji, unaona minara ya vioo ya mabenki. Mwaka 1907 mfalme Guangxu wa China aliwatumia kibao cha maneno manne, maana yake mawimbi yametulia katika bahari ya kusini. Kweli yametulia, hayapo!

Mtaa huohuo, hatua chache, kuna msikiti wa Al-Abrar wa Waislamu wa Kitamil, na kuna Nagore Dargah waliyoijenga kati ya 1828 na 1830 kwa heshima ya walii wa Nagore, India. Ulikuwa mstari wa pwani wa watu walioshuka salama: kila mmoja alijenga pale alipokanyaga. Nilikuwa naswali alasiri Al-Abrar, kisha napita kwa mzee wa fagio kumsalimu.

Serikali ya Singapore ililitangaza hekalu kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1973. Mwishoni mwa miaka ya 1990 likafanyiwa matengenezo makubwa, likapata tuzo ya UNESCO mwaka 2001. Kuta zimekuwa safi mno kwa ladha yangu, mimi nilizipenda na masizi yake.

Chuma cha Pua:
Sawa mkuu. Sijabadili msimamo wa sanamu, ila uzi nimeusoma wote.

Serahangi Mstaafu:
Hilo linanitosha Chuma.

Kadeti wa Kigamboni:
Wakuu nimeukuta huu uzi nikiwa njiani kutoka Colombo, tumeingia Singapore juzi. Jana nikapata saa tatu. Kituo cha treni kinaitwa Telok Ayer, ukitoka unauliza tu. Kuingia bure. Kizingiti nimekivuka vizuri, serahangi usiwe na wasiwasi.

Mzee wa fagio sikumwona. Kulikuwa na bibi mmoja mfupi, viatu vya plastiki, mfuko wa sokoni una vitunguu vya majani vimechomoza. Kapiga magoti kadondosha vile vibao. Vikayumba, vyote bapa juu. Kicheko. Akasema maneno fulani, akadondosha tena. Kicheko. Mara ya tatu kicheko. Akanitazama mimi nimesimama nimeduwaa, akaanza kucheka mwenyewe, akaokota mfuko wake wa vitunguu akaondoka.

Serahangi Mstaafu:
Jibu alikuwa nalo huyo tangu sokoni 😂 Meli yenu inatoka lini?

Kadeti wa Kigamboni:
Kesho alfajiri mkuu, tunaelekea Xiamen.